Kombe la Dunia la FIFAe

Kombe la Dunia la FIFAe ni mashindano ya kimataifa ya soka la kwenye gemu, yanayosimamiwa na FIFA. Yalianza mwaka 2004 mjini Zurich, Uswisi, na bingwa wa kwanza alikuwa Thiago Carriço de Azevedo wa Brazil. Yamekuwa yakifanyika karibu kila mwaka, ingawa mwaka 2020 na 2021 UVIKO-19 uliyazuia. Hadi 2023 yalichezwa kwa gemu ya FIFA iliyotengenezwa na EA Sports.

Fainali ya 2019 ilipigwa London, katika ukumbi wa O2. Mohammed Harkous wa Ujerumani, maarufu kama MoAuba, alimkabili bingwa mtetezi, Mosaad Aldossary wa Saudi Arabia. Zilichezwa mechi mbili, moja kwenye Xbox na nyingine kwenye PlayStation, kwa hiyo bingwa alipaswa kuzimudu padi zote mbili. Harkous alishinda kwa jumla ya mabao 3–2 na kuondoka na dola 250,000.

Kijana wa mabanda ya gemu ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, angeifuatilia fainali hiyo bila kuhitaji maelezo. Bandani nako wawili hukaa bega kwa bega mbele ya runinga, hela hulipwa kwa mechi, na aliyefungwa huachia padi akampisha wa kwenye foleni.

Kikwazo cha yeye kufika huko ni mchujo.

Hatua za awali huchezwa kwa intaneti. Mtandao ukisuasua, amri ya kidole huchelewa kufika, na beki huukosa mpira aliokuwa ameshauwahi. Umeme nao ni lazima utulie. Mkoa wa Katavi ulitumia kwa miaka mingi umeme wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Katika mazingira hayo, fundi wa banda huishia kutamba mtaani kwake hata akiwa na kipaji cha kutosha.

Baada ya FIFA na EA kuachana, mashindano ya 2024 yaliyofanyika Riyadh yalitumia eFootball ya Konami. Indonesia ilitwaa ubingwa wa mashine za gemu, na mchezaji wa Malaysia akatwaa ule wa simu. Kundi hilo la simu limeyasogeza mashindano karibu zaidi na Mpanda, kwani eFootball hupakuliwa bure na simu yenye chaji huendelea kuwaka umeme ukikatika.