Salamu Zilizokatwa kwa Mkasi

Leo twataka kuzungumza juu ya kitu kidogo, nacho ni kadi ya salamu. Hatusemi juu ya ile inunuliwayo dukani, bali ile itengenezwayo kwa mkono: karatasi ya manila iliyokunjwa katikati, juu yake karatasi ya rangi nyingine iliyo ndogo kidogo ili ukingo wa ile ya chini uonekane, na juu yake tena ua, au njiwa, au nyota iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa. Wengi wenu mmeitengeneza. Wengine mliibandika kwa uji mzito wa unga, maana gundi ya dukani haikuwapo.

Mtu aweza kuuliza, je, kazi ya watoto kama hii ina historia? Inayo. Tena inatuhusu sisi wa Homa Bay na Migori kuliko tunavyofikiri, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo nyumba nyingi za iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini zilipata kuliuliza kwa machozi: mzazi akiondoka, ni kitu gani cha mkono wake kinachobaki?

Salamu za kuandikwa ni za kale. Mtume Paulo alikuwa na desturi ya kumsomea karani maneno ya nyaraka zake. Katika ule wa Warumi karani huyo, Tertio, anajitaja jina na kuwasalimu wasomaji. Lakini Paulo hupenda kutwaa kalamu mwenyewe kabla ya kumaliza, na Wagalatia aliwaonyesha jinsi herufi zake zilivyo kubwa. Twapenda kufikiri kwamba waliopokea waraka ule waliutazama kwanza mahali pale penye herufi kubwa.

Kadi yenyewe ni ya juzi. Mwaka wa 1840 Uingereza ilianzisha posta ya peni moja, barua ikaweza kwenda popote nchini kwa bei hiyo, na watu wakaandikiana mno. Mmoja wa waliosaidia kazi hiyo alikuwa Henry Cole, mtu wa shughuli nyingi. Ilipokaribia Krismasi ya mwaka 1843 alijikuta na barua nyingi za kujibu kuliko saa za kuzijibu. Akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, atengeneze picha moja, zikachapwa nakala kama 1,000 na kupakwa rangi kwa mkono. Yeye akabaki kutia jina tu. Nyingine ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja, nayo ilikuwa fedha nyingi kwa kibarua wa siku zile. Pembeni mwa picha walichorwa watu wakiwalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi. Katikati jamaa wameinua bilauri za mvinyo, hata mtoto mdogo ananyweshwa, na watu waliopinga ulevi wakalalamika sana. (Sisi tungalikuwapo tungalilalamika pamoja nao.) Angalieni basi: kadi ya kuchapwa ilizaliwa na haraka. Ilitungwa ili mtu apate kusalimu bila kuandika.

Ile ya karatasi za tabaka ina ukoo mwingine. Miaka michache baadaye, katika mji wa Worcester, Massachusetts, Marekani, aliishi Esther Howland, binti wa mwenye duka la vitabu na karatasi. Alipokuwa hajafikia miaka 20 aliona kadi ya Valentino iliyotoka Uingereza, yenye karatasi iliyotobolewatobolewa kama lesi. Akasema moyoni, hii nami naweza. Akamwomba baba yake aagize karatasi za lesi na za rangi, akatengeneza chache za mfano, na kaka yake akazichukua katika safari zake za biashara. Inasimuliwa kwamba binti alitumaini kuuza za dola 200, lakini kaka akarudi na maagizo ya zaidi ya dola 5,000. Mikono miwili haikutosha. Akawaita rafiki zake wa kike, wakaketi mezani katika nyumba ya baba yake, mmoja akakata, wa pili akapanga, wa tatu akapaka gundi, na kadi ikapita toka mkono hadi mkono. Ujuzi wake ulikuwa katika kuweka kijikaratasi cha rangi chini ya lesi nyeupe ili rangi ichungulie katika matundu, na kuinua tabaka ya juu kwa vikunjo vidogo vya karatasi ili ua lionekane limesimama.

Wakati ule ule Wajerumani walikuwa wakichapa picha ndogo za malaika, maua na watoto, nyingi katika ukurasa mmoja, kisha kuzikata zote kwa mara moja. Njia yao si ngeni kwa yeyote aliyesimama jikoni. Kama mama anavyosukuma unga na kuukandamiza kwa mdomo wa kikombe apate mandazi ya duara, ndivyo fundi anavyokunja ukanda wa chuma chenye makali katika umbo la moyo au nyota, akaukandamiza juu ya karatasi, na umbo likatoka safi. Vijimashine vya kutoboa maua ambavyo walimu hutumia madarasani ni wajukuu wa kazi hiyo. Asiye nacho hukata kielelezo cha boksi, akakizungushia penseli, akafuata mstari kwa mkasi. Kazi ni ile ile, ila inakwenda polepole.

Na pasipokuwa na karatasi kabisa? Mwaka 1949 shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, lilitoa kadi yake ya kwanza ya salamu. Picha yake ilichorwa na Jitka Samková, msichana wa miaka 7 wa kijiji kimoja cha Czechoslovakia, iwe shukrani kwa msaada uliofika kwao baada ya vita. Alichora juu ya kipande cha kioo, kwa kuwa karatasi haikupatikana.

Kwetu karatasi ilifika pamoja na misheni. Reli ilifika ziwani mwaka 1901. Mwezi wa Novemba 1906 Arthur Carscallen, Mkanada wa kanisa la Waadventista wa Sabato, alifika Gendia karibu na Kendu Bay, pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1913 mtambo wa kupiga chapa ulianza kazi hapo Gendia. Sisi Waanglikana, ambao mwaka ule ule wa 1906 tulikuwa tukianza shule Maseno, hatuna budi kuwapa majirani zetu heshima yao: karatasi iliyochapwa ilitoka kwao.

Lakini kukata na kubandika kulienea kwa shule za serikali zaidi ya misheni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, baada ya ripoti ya tume ya Profesa Colin Mackay ya mwaka 1981, Sanaa na Ufundi likawa somo la mtihani katika shule ya msingi. Sisi tuliosoma miaka ile twakumbuka tulivyookota maganda ya mayai, majani makavu ya mgomba, kalenda za mwaka uliopita na karatasi za sigara zing'aazo ndani. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kutoa karatasi mwaka 1974 na kusimama mwaka 2009, kilikuwa kikifanya kazi, na madaftari hayakuwa haba; manila ya rangi ndiyo iliyotupwa bei yake hadi karani wa duka. Kwa hiyo mwalimu aligawa karatasi moja kwa watoto wanne. Somo hilo liliondolewa katika mtihani miaka ya mwanzo ya 2000, na mkasi ukarudi kabatini mpaka mtaala wa umilisi ulipoingia madarasani mwaka 2019.

Kadi iliyopendwa kuliko zote haikuwa ya Krismasi. Ilikuwa ile ya kumtakia mtahiniwa heri, ambayo vijana waliiita sakses. Muhula wa tatu ulipofika, mabweni yalijaa. Zikaja kubwa kama mlango wa kabati, zikaja zenye betri ndani ambazo ukizifungua zinaimba. Asiye na fedha alitengeneza yake, na mara nyingi aliificha chini ya zile za dukani. Twaona hapo palikuwa na dhuluma ndogo, kwa kuwa shangazi aliyekata herufi za jina la mtoto moja moja usiku kwa taa ya koroboi alikuwa ametoa zaidi ya mjomba aliyetoa noti. Mwaka 2016 Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, alipopambana na wizi wa mitihani alipiga marufuku siku za maombi na za kuwatembelea watahiniwa katika muhula wa tatu. Lakini kadi ilikuwa imekwisha kudhoofika kabla ya hapo, simu ilipoingia mfukoni mwa kila mtu. Hatutailaumu simu. Imewafikia wagonjwa na wajane wengi ambao kadi isingewafikia kamwe.

Kuna karatasi nyingine iliyotoka katika maji yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gugu-maji, mmea wa Amerika ya Kusini, lilianza kuonekana upande wetu wa ziwa, na mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 za ghuba. Wavuvi wa Homa Bay na Kendu Bay walikuwa na mashua na nyavu lakini hawana njia. Vikundi vya ufundi, hasa Kisumu, vikajifunza kulitumia: mashina hukatwa, huanikwa, huchemshwa kwa magadi, hupondwa, huchanganywa na karatasi kuukuu zilizolowekwa, kisha uji ule hutandazwa juu ya wavu wenye fremu na kukaushwa juani. Karatasi inayotoka ni ya kahawia, ina nyuzi, na inafaa sana kwa kadi za tabaka, maana rangi yoyote iliyobandikwa juu yake hung'aa. Hatutaki kumdanganya mtu kwamba kadi zilimaliza gugu. Wadudu walioachiliwa ziwani mwaka 1997, pamoja na mawimbi na hali ya hewa, ndio waliolipunguza, na baadaye likarudi. Kadi ziliwapa baadhi ya watu karo za watoto, nayo si haba.

Sasa twarudi kwenye lile swali. Miaka hiyo hiyo ya 1990 tulikuwa tukizika kila Jumamosi, pengine mara mbili. Ukimwi ulichukua walimu, wavuvi, mama zetu. Hata katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 Homa Bay ilikuwa ya kwanza nchini, karibu mtu mzima 1 kati ya 5 akiwa na virusi, na Migori haikuwa mbali. Matanga yalipokwisha, ndugu waligawana ng'ombe, kitanda na redio. Kadi hazikuwa na wa kuzigombania. Tumeingia nyumba ambazo mtoto alikuwa na kadi moja tu katika sanduku la bati, ya kumtakia mtihani mwema wa darasa la nane, na mwandiko wa mama yake ndani. Hakuwa na picha ya mama, bali alijua jinsi alivyoandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Majirani zetu wa Uganda walilitambua jambo hili mapema. Chama cha akina mama wanaoishi na virusi, NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliwafundisha wazazi kutengeneza kitabu cha kumbukumbu. Twakiita dada mkubwa wa kadi, maana kinatengenezwa vivyo hivyo: karatasi zilizokunjwa na kushonwa, picha ikiwapo hubandikwa, isipokuwapo huchorwa. Mama aandika mtoto alizaliwa siku gani, mvua ilinyesha au la, neno lake la kwanza lilikuwa lipi, babu zake ni nani, mahali pa boma lao ni wapi. Mwandishi Henning Mankell wa Sweden aliwatembelea akina mama hao na kuandika juu yao, kitabu chake kikatoka mwaka 2003.

Huko Rwanda, ambako mayatima walifanywa na panga, kazi ilikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2004 karakana iitwayo Cards from Africa ilianzishwa Kigali, ikawaajiri vijana waliobaki kuwa baba na mama wa wadogo zao. Walisaga karatasi zilizotupwa na maofisi, wakatengeneza karatasi mpya, wakakata maumbo na kuyabandika tabaka kwa tabaka, na kadi zao za kuzaliwa na za arusi zikauzwa ng'ambo. Hebu fikirini: mtu wa Uingereza amfungulia rafiki yake heri ya kuzaliwa iliyokatwa na kijana ambaye jioni ile anakwenda kuwapikia wadogo wanne.

Mwezi wa Novemba 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay, na miaka iliyofuata dawa zikaenea hata zahanati. Wako akina mama, hapa kwetu na Uganda, waliokuwa wamekwisha kuandika kurasa zao za kuaga. Wakanywa dawa, wakanenepa, wakarudi shambani. Mtoto aliyekuwa aandikiwe akakua, akamaliza shule, na baadhi yao wamekisoma kitabu kile pamoja na mama aliyekitengeneza, wakibishana kama siku ile mvua ilinyesha kweli.