saa janja

nm [i-/zi-] Saa ya mkononi inayotumia programu, kama ilivyo simu janja.

Matumizi: Programu "huonyeshwa" kwenye saa au "huendeshwa" na saa, vitenzi hivi havina maana moja. Apple ilitangaza Apple Watch Septemba 2014, na Novemba ikawapa wasanidi zana za WatchKit. Programu walizounda zilionyeshwa kwenye saa, lakini msimbo wake uliendeshwa na iPhone. Simu ikiwa mbali, hazikufanya kazi. WatchOS 2, iliyotoka Septemba 2015, ndiyo iliyouhamishia msimbo huo kwenye saa yenyewe. Mfasiri wa maelezo ya 2014 akiandika "programu inayoendeshwa na saa", sarufi yake itakuwa sahihi, ila msomaji atakuwa amepotoshwa.