MASHINE ILIPOKATAA KUFUTA
Somo la Historia kwa Watu Wazima

Leo tutasoma habari ya Soko la Hisa la Tokyo, mji mkuu wa Japani, tupate kujua namna ya kuyapima maneno haya: "Mashine imeharibika."

Kwanza, hisa ni nini? Kampuni hugawanywa katika sehemu nyingi ndogo, na watu huzinunua. Kila sehemu ni hisa moja. Zamani madalali wa hisa walinadi bei kwa sauti. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na kompyuta.

Basi, siku ya Alhamisi, 8 Desemba 2005, hisa za kampuni iitwayo J-Com ziliingia sokoni kwa mara ya kwanza. Mteja mmoja alitaka kuuza hisa 1 kwa yen 610,000. Yen ni fedha ya Japani. Mfanyakazi wa kampuni ya udalali ya Mizuho akageuza tarakimu: akaandika hisa 610,000 kwa yen 1 kila moja. Tazameni! J-Com nzima ilikuwa na hisa 14,500 tu. Kompyuta ilitoa onyo, lakini halikutiliwa maanani.

Mizuho walipotambua kosa, walijaribu kuifuta amri ile mara kadhaa. Mtambo wa Soko ukakataa. Wanunuzi wakazidi kununua hisa zisizokuwapo. Mwishowe wale ambao hisa zao hazikupatikana walilipwa yen 912,000 kwa kila hisa, na Mizuho ikapata hasara ya zaidi ya yen bilioni 40.

Je, kosa la nani? Kwanza Soko lilisema kosa ni la Mizuho, na jambo hilo lilisadikika kwa urahisi. Lakini swali moja lilibaki: mbona amri ilipofutwa haikufutika? Baada ya siku chache Soko likakiri kwamba programu ya mtambo wake ilikuwa na kasoro. Rais wa Soko, Takuo Tsurushima, akajiuzulu mwezi huo huo. Shauri likaenda mahakamani. Mwaka wa 2009 mahakama ya Tokyo iliamua kwamba Soko lilipaswa kusimamisha biashara ya hisa zile, ikaliamuru liilipe Mizuho yen zipatazo bilioni 10.7. Mizuho nayo ilibeba sehemu ya hasara, kwa uzembe wake.

Ndugu zangu, mtu mmoja akisikia mashine imeharibika, husema, "Bahati mbaya." Mwingine husema, "Tumeibiwa." Wote wawili wameacha kuuliza mapema mno. Katika habari hii mwizi hakuonekana. Lakini kasoro na uzembe vilionekana, kila kimoja na mwenyewe. Vilionekana kwa kuwa amri za sokoni huandikwa pamoja na saa yake. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Mfanyakazi wa Mizuho alikosea nini?
2. Kwa nini Soko nalo lilitakiwa kulipa?
3. Ukiambiwa fedha zako hazionekani kwa sababu ya mashine, utauliza nini, na utaonyesha karatasi gani?

Kwaherini, hadi somo lijalo.