Pete za Muhuri za Warumi na Uchaguzi wa Wakristo wa Kwanza

Msomaji wa Agano Jipya hukutana na neno "muhuri" mara nyingi, lakini ni rahisi kusahau kwamba kwa wasikilizaji wa Paulo muhuri ulikuwa kitu kinachovaliwa kidoleni. Mrumi mwenye mali au cheo alivaa pete yenye kito kidogo, mara nyingi akiki nyekundu, kilichochongwa picha ya kuzama ndani na iliyogeuzwa. Fundi alichonga kwa kekee, akitumia mafuta na unga wa jiwe gumu. Kito kilipokandamizwa juu ya nta, picha iliinuka sawasawa, nayo ilithibitisha barua, wosia na mikataba. Kaisari Augusto alitumia kwanza picha ya sfinksi, kisha ya Alexander Mkuu, na hatimaye sura yake mwenyewe iliyochongwa na Dioscurides.

Vito vingi vilikuwa na sura za miungu. Hapo ndipo ilipokuwa shida ya Mkristo: shughuli zake zilihitaji muhuri, na muhuri ulihitaji picha.

Mnamo mwaka 200 hivi, Klementi wa Aleksandria alilijibu swali hilo katika kitabu chake, Paedagogus. Pete ya muhuri hakuikataza. Alishauri njiwa, samaki, merikebu, kinubi au nanga. Akakataa sura za sanamu, upanga na upinde kwa watu wanaofuata amani, na vikombe vya ulevi kwa watu wenye kiasi. Tuangalie vema orodha hii. Klementi mwenyewe anakumbusha kwamba kinubi kilikuwa muhuri wa Polycrates, na nanga ya Seleucus, watawala wapagani. Kwa hiyo muumini aliweza kuvaa picha iliyokwisha kujulikana sokoni, akaisoma kwa imani yake. Tena, msalaba haumo katika orodha hiyo. Akiki moja ya karne ya 4 iliyopatikana Constanza, Romania, na ambayo imehifadhiwa British Museum, London, inamwonyesha Kristo msalabani kati ya mitume 12, pamoja na herufi za Kigiriki za neno "samaki".

Sisi tunaofundisha na kuchunga tunaulizwa kila mara ni alama zipi za mila, mapambo na ngoma zinazofaa kanisani. Klementi alijua picha zake zilikotoka, wala hakuishia hapo. Alipima kama picha inapatana na mwenendo wa yule anayeivaa. Kipimo hicho hatuna budi kukitumia, tukianzia na vidole vyetu wenyewe.