Mji wa Unguja na Mabega ya Wazee Wetu

Huenda msomaji akastaajabu kuona habari za mji wa kisiwani katika kijitabu hiki cha jubilei. Bariadi na bahari, atauliza, vina uhusiano gani? Mto wetu Simiyu haumwagi maji yake katika Bahari ya Hindi, bali katika Ziwa Nyanza. Na mtu wa kwetu aweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka asione hata jahazi moja la pwani. Hayo ni kweli. Lakini Kiswahili tunachosomea Injili, na njia waliyoijia wamisionari wa kwanza, vyote viwili vilipita katika bandari moja, nayo ni Unguja. Tena utajiri wa bandari ile haukutoka baharini tu. Sehemu kubwa ilitoka bara, juu ya mabega ya watu. Basi tumeziandika habari hizi kwa ajili ya Wakristo wa parokia zetu na walimu wa shule, ili tujue tulichopokea kutoka huko, na tulichotoa.

1. Kisiwa na bandari yake

Kisiwa cha Unguja kipo kusini ya Ikweta, kwenye digrii ya 6. Urefu wake ni kama kilometa 85, na upana wake hauzidi kilometa 40. Kati yake na bara upo mlango wa bahari wa kilometa 35 hivi mahali palipo pembamba. Mji umejengwa upande wa magharibi, kwenye rasi ya Shangani, umeelekea bara. Mbele yake vimelala visiwa vidogo, Changuu, Chapwani, Bawe na vinginevyo, ambavyo huvunja nguvu ya mawimbi, hata vyombo vyaweza kutia nanga kwa salama. Nyuma ya mji zamani uliingia mkono wa bahari, na waliokaa ng'ambo ya pili waliitwa watu wa Ng'ambo. Maji yale yamekwisha kufukiwa, lakini jina limebaki hata leo.

Lakini bandari hii, kabla ya kujengwa na mikono ya watu, ilijengwa na upepo. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi, na majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalishuka nayo yakileta tende, nguo na vyombo. Kisha, yapata Aprili, huanza kusi, nayo huwarudisha wasafiri kwao. Mfanya biashara aliyekuja na kaskazi hakuwa na budi kungoja kusi; na katika kungoja huko wengine walijenga, walioa, wakazaa. Hivyo ndivyo watu wa pwani walivyochanganyikana na wageni, na Kiswahili, ambacho asili yake ni ya Kibantu, kikapata maneno mengi ya Kiarabu.

2. Jinsi mji ulivyoinuka

Wareno walifika katika bahari hii mwishoni mwa karne ya 15, wakaitawala pwani miaka mingi. Katika Unguja walijenga kanisa dogo. Mwaka 1698 Waarabu wa Omani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na nguvu za Wareno kaskazini ya Rasi Delgado zikavunjika. Mahali pa kanisa lile Waomani walijenga ngome, nayo ndiyo Ngome Kongwe inayoonekana mpaka leo mbele ya bandari.

Aliyeufanya mji kuwa mkuu ni Seyyid Said bin Sultan. Katika miaka ya 1830 alianza kukaa Unguja, na hata kufikia 1840 makao ya utawala wake yalikuwa yamehama Maskati. Hakuhama kwa kupenda hewa tu. Aliona kwamba kisiwani pana maji matamu, bandari njema, na ardhi inayofaa mikarafuu. Tena maji ya bahari yamlinda na vita vya bara, lakini bara yenyewe i karibu. Aliwahimiza watu wapande mikarafuu, akawapa matajiri wa Kihindi forodha kwa kukodi, akafanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Merikebu za Marekani zilileta kitambaa cheupe cha pamba, ambacho watu wakakiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu na ngozi. Said alikufa baharini mwaka 1856, na mwaka 1861 Unguja na Omani zikatengwa ziwe nchi mbili.

3. Mabega ya wazee wetu

Sasa twafika mahali panapotuhusu sisi. Pembe zile zilitoka wapi? Nyingi zilitoka bara, na nchi za Unyamwezi na Usukuma zilikuwa katika njia kuu iliyofika Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja. Neno sukuma kwetu maana yake ni kaskazini. Lakini watu wa pwani hawakutofautisha, waliwaita watu wengi wa huku Wanyamwezi tu. Hawa hawakungoja Mwarabu aje kuwafuata. Tangu mwanzo wa karne ya 19 wao wenyewe walikuwa wakishuka pwani na pembe zao. Waarabu walipoanza kupanda bara waliikuta njia imekwisha kukanyagwa.

Kwa kawaida walisafiri wakati wa kiangazi, baada ya kuvuna. Kila mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, yaani kama kilo 30, juu ya bega au kichwani, pamoja na mkeka wake na chakula. Tangu Tabora hata Bagamoyo ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi. Njiani palikuwa na njaa, kiu, simba, wanyang'anyi na hongo za watemi. Na ugonjwa wa ndui uliwaua watu wengi kuliko mikuki. Aliyerudi alirudi na nguo, shanga na masango ya shaba, akanunua ng'ombe na majembe, akahesabiwa kuwa mwanamume kamili. Asiyerudi, mama yake alibaki akitazama njia.

Safari moja twaijua vizuri kwa kuwa iliandikwa. Bwana Henry Morton Stanley aliwaajiri watu wake katika Unguja, akatoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akafika Kageye, pwani ya Ziwa katika Usukuma, tarehe 27 Februari 1875. Wapagazi walichukua hata mashua yake, iliyokatwa vipande vipande. Mwezi wa Machi akaizunguka Nyanza kwa mashua hiyo, akapita penye kinywa cha mto Simiyu, akadhani kwamba mto huu ndio mwanzo wa Naili ulio mbali kabisa upande wa kusini. Hivyo jina la mto wetu lilisomwa Ulaya na Marekani kabla ya babu zetu wengi kuona karatasi. Mashua ile ilikuwa na jina, Lady Alice, na watoto wa shule nchi nyingi walilijua. Lakini majina ya watu wengi walioichukua nani ayajua?

4. Soko la watu

Hatuwezi kuusifu mji na kuficha aibu yake. Katika Mkunazini lilikuwako soko, na bidhaa yake ilikuwa watu. Wengi wao waliletwa kwa njia ya Kilwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Wengine walitoka sehemu nyingine za bara. Baadhi walipelekwa Arabuni na Uajemi, na wengine wengi walibaki Unguja na Pemba katika mashamba ya mikarafuu.

Hapa twawaomba walimu waseme kweli yote mbele ya watoto. Wapagazi wa kwetu wengi walikuwa watu huru, waliokwenda kwa ujira, wala si halali kusema kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa. Lakini si kweli pia kwamba dhambi ile ilikuwa ya wageni peke yao. Watemi waliuza mateka wa vita. Na wako Wanyamwezi waliotumia mali ya pembe kununua watumwa wa kuwalimia mashamba huku wao wakisafiri. Anayeungama dhambi ya jirani na kuiacha yake hajaungama.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko likafungwa. Utumwa wenyewe ulikaa zaidi: Unguja sheria iliuondoa mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

5. Mlango wa Injili

Misheni ya Universities ilihamia Unguja mwaka 1864. Soko lilipofungwa, misheni ilipata mahali pale, na siku ya Krismasi mwaka 1873 jiwe la msingi wa kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo lile, alizikwa ndani yake mwaka 1882. Yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kukiandika Kiswahili cha Unguja na kufasiri Maandiko. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Nacho ndicho tunachokiandika hapa.

Kwa upande wa Wakatoliki, mapadri walifika Unguja mwaka 1860, na Mapadri wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakawapokea watumwa waliokombolewa. Kutoka pwani hiyo wamisionari wa C.M.S. walipanda bara, wakafika Kageye mwanzo wa mwaka 1877. Na Mapadri Weupe waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, nao wakafika Kageye mwisho wa mwaka uo huo, wakielekea Uganda. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walianzisha Bukumbi. C.M.S. walifungua kituo cha Nassa, ambayo leo imo katika wilaya ya Busega, kisha mwaka 1909 wakawaachia Africa Inland Mission. Wote hao walipita njia ya wapagazi. Hata Biblia ilifika kwetu begani mwa mtu.

6. Jinsi mji ulivyopungukiwa

Barghash aliupamba mji wake. Alileta maji ya mfereji, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuja kuwa na taa za umeme. Lakini bara ilikuwa ikimponyoka. Wadachi na Waingereza waligawana nchi. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Dar es Salaam ikawa makao ya serikali ya Wadachi mwaka 1891. Kisha likaja gari la moshi: mwaka 1901 lilifika Kisumu kutoka Mombasa, mwaka 1912 Tabora kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1928 Mwanza. Msemo wa kale husema kwamba zumari ikipigwa Unguja, watu wa maziwa hucheza. Basi pembe zilipokoma kushuka Bagamoyo, zumari nayo ilipungua sauti. Mzigo ulipoondoka begani mwa mpagazi, bandari iliyoishi kwa mzigo ule ikaona upungufu.

Mji haukufa. Unguja ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili mwaka huo ikaungana na Tanganyika. Mji ni makao ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umehesabiwa katika urithi wa dunia. Lakini mawe nayo huchoka: siku ya Krismasi mwaka 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka.

7. Neno la mwisho

Jumba likianguka, hutafutwa mafundi, na magazeti huandika. Kumbukumbu ya mpagazi ikianguka, hakuna anayesikia kishindo. Katika Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega wangaliko wazee waliosikia kwa baba zao habari za safari za babu zao: walitoka na nani, walilala wapi, walirudi na nini, nani aliachwa njiani. Hayo hayamo katika vitabu vya Unguja, wala vya London. Twawaomba walimu wawatume watoto kwa wazee hao, na daftari na kalamu, mwaka huu wa jubilei, kabla msimu mwingine haujapita. Na tukienda Unguja siku moja, tukaona milango ile mizuri iliyochongwa, tusisimame kama wageni wanaostaajabia mali ya watu wengine. Sehemu ya gharama yake ililipwa huku kwetu.