Kifyatulio cha bunduki kuukuu: kulainisha si kulegeza

Bunduki aina ya Lee-Enfield ni miongoni mwa silaha za kijeshi zilizoenea mno duniani katika karne ya 20. Jina lake linatokana na James Paris Lee, mvumbuzi mzaliwa wa Scotland aliyebuni komeo lake, na kiwanda cha serikali cha Enfield, Uingereza. Jeshi la nchi hiyo liliianza kuitumia mnamo 1895. Askari wa King's African Rifles waliibeba, na nchini Kenya toleo la nambari 4 limezoeleka kwa jina la Mark 4.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nyingi za bunduki hizi ziliuzwa kwa raia, hasa Marekani na Canada, ambako zingali zikitumiwa kuwinda na kulenga shabaha. Malalamiko ya wanunuzi hufanana: kifyatulio, au triga, ni kizito na hukwaruza kinapovutwa, hivi kwamba mtutu huyumba kabla ya risasi kutoka.

Uzito huo si kasoro. Kifyatulio hicho kiliundwa kivutwe kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza huhitaji nguvu ya takriban ratili 3 hadi 4, nayo hukisogeza kizuizi kinachoishikilia pini ya kugonga risasi. Kidole kikisha kuhisi ukinzani mpya, hatua ya pili ya ratili 5 hadi 6 hivi huiachilia pini hiyo. Mpango huo ulimkinga askari aliyechoka, au aliyevaa glavu, dhidi ya kufyatua risasi pasipo kukusudia.

Kinachostahili kuondolewa, basi, ni mkwaruzo wala si uzito wote. Mara nyingi chanzo chake ni grisi nzito iliyopakwa silaha zilipowekwa ghalani. Grisi hiyo hukauka na kugandamana ndani ya komeo na kwenye kizuizi. Kuisafisha kabisa na kupaka mafuta mepesi hutosha kuleta nafuu kubwa.

Chanzo cha pili ni mbao. Katika matoleo mengi, kifyatulio hufungwa kwenye kikingio cha chuma kilicho chini ya mbao, ilhali kizuizi kimo kwenye mwili wa bunduki, juu yake. Mbao zikinywea kwa ukavu au zikivimba kwa unyevu, nafasi baina ya vipande hivyo viwili hubadilika, na huenda hatua ya kwanza ikatoweka kabisa. Waingereza wenyewe waliitambua dosari hii. Katika toleo la nambari 4 Mark 2, lililotolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, kifyatulio kiliangikwa kwenye mwili wa bunduki. Kwa matoleo ya awali, fundi hukagua kwanza mbao na skrubu kabla ya kugusa chuma.

Hatari huanza mtu anaposhika tupa. Nyuso za kizuizi na za pini zinapokutana zimekomazwa kwa moto, na ugumu huo aghalabu ni wa tabaka la juu tu. Tabaka hilo likiliwa, chuma laini kilicho chini yake huchakaa upesi. Pembe ya mkutano ikibadilika hata kidogo, pini yaweza kuponyoka komeo linapofungwa kwa kishindo au bunduki inapoanguka. Kwa sababu hiyo, fundi stadi hung'arisha nyuso hizo kwa jiwe laini la kunolea bila kuigeuza pembe.

Kazi ikikamilika, bunduki hupimwa ikiwa haina risasi hata moja, na mtutu ukielekezwa mahali salama. Komeo hufungwa kwa nguvu mara kadhaa. Kisha kilinzi cha usalama huwekwa, kifyatulio huvutwa na kuachwa, na kilinzi huondolewa. Pini ikishuka yenyewe katika jaribio lolote, silaha hiyo haifai kutumiwa hadi irekebishwe.

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mmiliki wa bunduki awe na cheti, na biashara ya kutengeneza silaha huachiwa waliosajiliwa. Kifyatulio kizito humkosesha mlengaji shabaha yake. Kilicholegezwa kupita kiasi chaweza kumuua aliyesimama kando.