Mshahara wa Haki na Mlango wa Kazi



Katika mtaa wetu wa Lumumba, kazi nyingi hupatanwa kwa mdomo. Msaidizi wa mwashi, mfyatua matofali, msichana anayefua nguo katika nyumba ya watu: kila mmoja hutajiwa bei ya siku, naye huikubali, kwa maana akikataa yuko mwingine nyuma yake. Hata hivyo, sheria ya nchi yetu imeweka kima cha chini cha mshahara, ambacho mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Je, kima hicho humwinua maskini, au humfungia mlango wa kazi?

Ituri inafahamu vema ubaya wa kazi isiyo na kima. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, machimbo yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuja kwa hiari. Machifu waliamriwa kutoa watu, na vijiji vikalazimishwa kutoa chakula. Asiyeweza kukataa kazi hawezi kujadili malipo yake. Papa Leo wa XIII alikwisha kufundisha mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi mshahara kuwa wa haki. Sharti umtoshe mfanyakazi kuishi.

Lakini sheria njema nayo ina gharama. Jirani zetu wa Tanganyika, baada ya kupata uhuru mwaka 1961, walipandisha sana kima cha mshahara, na viwango vipya vikaanza mwaka 1963. Waliobaki kazini walipata nafuu ya kweli: kibarua aliyekuwa akija shambani kwa miezi michache akaanza kuwa mfanyakazi wa kudumu. Wenye mashamba ya mkonge, kwa upande wao, walipunguza watu na kudai kazi zaidi kwa kila aliyebaki. Mwaka 1964 mavuno ya mkonge yalizidi tani 200,000, ingawa wafanyakazi walikuwa wamepungua. Kisha bei ya mkonge ikaanguka duniani, na wengine wengi wakapoteza kazi. Hivyo si haki kuilaumu sheria peke yake. Mwaka 1967 mtaalamu H. A. Turner, aliyetumwa na Shirika la Kazi Duniani, alionya kwamba mishahara ya walioajiriwa ilikuwa inapanda mbio kuliko kipato cha wakulima. Pengo kati ya tajiri na kibarua lilipungua. Pengo kati ya kibarua na mkulima likaongezeka.

Kwetu Kongo, hali ni tofauti. Kima kiliwekwa faranga 1,680 kwa siku mwaka 2008, kikakaa miaka kumi, kisha kikawa faranga 7,075 mwaka 2018. Wakati huo fedha hizo zilizidi dola 4. Kilipopandishwa tena mwaka 2025, faranga zilezile hazikufikia hata dola 3. Faranga ilikuwa imekula kimyakimya kile ambacho sheria ilitoa. Tena, wengi wetu hatuna mkataba wa maandishi, na mkaguzi wa kazi hafiki penye tanuru la matofali wala jikoni mwa nyumba ya mtu. Kwa hiyo hapa sheria haikufunga mlango wa kazi, haijaufikia bado.

Basi tujifunze mambo mawili. Kima cha mshahara hakina budi kwenda pamoja na bei za sokoni, na kisipande kwa kishindo bila kuwafikiria wanaotafuta kazi na wanaolima. Tena, anayedai haki kwa mwajiri wake aitende nyumbani kwake. Katika kikundi chenu jumapili hii, kila mmoja ajiulize: yule anayetufulia na kutuchotea maji, tunamlipa kiasi gani kwa siku, na je, kinamtosha kula yeye na watoto wake?